Vipande vya Viazi Juu ya Jiwe

Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, inapochemka jikoni kwangu, harufu yake hunirudisha kwenye jiwe pana lililokuwa nyuma ya nyumba yetu, mlimani, juu ya ziwa. Mdogo wangu, aliyezaliwa na usonji, wakati huo alikuwa hali chochote ila ugali na biskuti za aina moja. Harufu ya samaki ilimtapisha. Mchuzi ukigusa ugali, aliisukuma sahani nzima. Alikuwa akikonda, na mama alikuwa na hofu.

Msimu wa viazi vitamu ulipofika, mama aliacha kumbembeleza. Alimpa kazi ya kuanika vipande juu ya jiwe, naye akavipanga kwa mistari iliyonyooka, akivigeuza na kunusa vidole vyake. Sisi wengine tulikatazwa kutamka neno "kula" mbele yake.

Mchana mmoja, vipande vilipokuwa vimekauka vikawa vigumu kama biskuti, alivunja kimoja, akasikiliza mlio wake, kisha akakitia mdomoni na kutafuna.

Shangazi, aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Sengerema kututembelea, alivuta pumzi apige vigelegele. Mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye utomvu wa viazi.

"Wifi, utamtisha!"

"Basi niache nipumue," shangazi alinong'ona kiganjani, na wote wawili wakacheka bila sauti mpaka machozi yakawatoka.

Mdogo wangu akachukua kipande cha pili. Kabla ya mvua kuanza, alikuwa akila michembe mikavu, kisha ya kuchemsha, kisha iliyopondwa kwa karanga. Samaki hali hadi leo.