Kisima Kisicho na Mwenyewe

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mchanga ulibadilika rangi. Tulikuwa tumeshuka kiasi cha kimo cha watu wawili ndani ya laga ya Tarach, mto wa mchanga uliokauka, nje kidogo ya Kakuma. Aliyekuwa chini alirusha juu konzi ya mchanga, nao ukatua miguuni pa mchungaji bila kutawanyika. Mchungaji aliuokota, akaubana kiganjani, akaunusa. Kisha akavua viatu. Sikumwuliza kwa nini. Nami nilivua vyangu.

Tulikuwa lori zima kutoka kanisa letu la Lodwar: makarani, walimu, wauguzi, vijana wa kwaya, mwenye duka na mkewe, na mimi, mwashi wa serikali niliyehamia kutoka upande wa Kitale. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, ukame umeshika. Kanisa lile lilikuwa na namna yake. Wanawake walikaa katika baraza la wazee na kauli yao ilihesabiwa. Mchungaji, mtu wa bara kama sisi, si Mturkana, alizoea kuhubiri kwamba sadaka isiyouliza kwa nini mtu ni maskini ni nusu ya sadaka. Kila mwezi, ibada ikiisha, kamati ya haki na huduma ilibaki kanisani na kuuliza swali moja: nani ameonewa, na tufanye nini? Mimi niliacha shule darasa la nne na mengine nimejisomea, na theolojia haikuwa miongoni mwa hayo. Lakini swali lile nililipenda kwa sababu unaweza kujua kama umelijibu au hujalijibu.

Mwaka ule jibu letu lilikuwa mjane mmoja wa Kakuma. Mto ukikauka, watu wa kule huchimba visima katika mchanga wa laga, na kisima kirefu ni kazi ya kundi: mmoja yuko chini, wengine wamesimama kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, karai inapanda kutoka mkono hadi mkono. Mwenye wana na ndugu wenye nguvu huchimba chake. Mjane huyu hakuwa na wa kumchimbia. Mumewe alikuwa amefariki, ndugu za mume wamehamia mpakani na mifugo, naye amebaki na mabinti wawili wadogo na mbuzi tisa. Alinywesha kwenye visima vya wengine, wa mwisho, jioni, maji yakiwa yamegeuka tope.

Mwinjilisti wetu wa Kakuma, Mturkana mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua la mchana, ndiye aliyetuletea habari zake. "Hiyo mbuzi ikiisha," alisema, "na yeye ameisha. Atakaa nyuma ya duka, ataomba unga. Mtu akikaa nyuma ya duka hawezi kurudi kwa mifugo tena."

Basi tulichimba. Kufikia adhuhuri maji yalifika magotini, meupe kidogo kama maji yaliyooshewa mchele, matamu. Hapo ndipo mjane alipokuja. Alikuwa mwanamke mwembamba, shingo imejaa shanga, anavuta beberu mweupe kwa kamba. Alimsimamisha mbele yetu na kusema maneno machache.

"Anasema huyu ni wa wachimbaji," mwinjilisti alitafsiri.

Mke wa mwenye duka alishika kichwa. "Jamani, mama! Tukila mbuzi wako, wewe tutakuacha na nini?"

Mchungaji akaweka mkono juu ya mgongo wa yule beberu. "Mwambie tumekuja kutoa. Hatukuja kuchukua."

Mwinjilisti hakutafsiri mara moja. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mchungaji, afadhali tukule."

"Ndugu yangu, ana mbuzi tisa tu!"

"Naona. Afadhali tukule."

"Haiwezekani."

Maneno yakatafsiriwa. Mjane alitutazama mmoja mmoja, akageuka na beberu wake, akaenda bila kuaga. Tulidhani ameshindwa kusema kwa furaha. Mchungaji aliomba, akatangaza kwa sauti kwamba maji ni ya Mungu na kisima hiki ni cha wote. Kwaya iliimba. Njia nzima ya kurudi Lodwar watu waliimba ndani ya lori, vumbi midomoni.

Haukupita mwezi mwinjilisti akaja Lodwar, amepanda juu ya magunia ya lori la mfanyabiashara. Alitukuta kwenye kamati. Alikunywa maji, akakaa, akasema, "Kisima yenu imejaa ngamia."

Alieleza. Kulikuwa na mzee mwenye ngamia wengi aliyehamia pale na wanawe. Alikuwa ananywesha kutwa nzima kwenye kisima chetu. Wengine wenye mifugo mingi walifuata, wakisukumana, wakipigana fimbo, na hakuna aliyeondoa mchanga ulioporomoka. Kisima cha wote kilikuwa cha wenye misuli. Mjane alikuwa bado ananywesha wa mwisho, tena sasa hata kwenye visima vya zamani walimwambia, nenda kwa kisima cha kanisa, si ulichimbiwa?

Kisha karani mmoja, mtu wa sheria ndogondogo, akasema, "Haki bila rungu ni hadithi ya watoto." Alipendekeza seng'enge kuzunguka kisima, lango moja, na askari wa kukodi kwa miezi mitatu, mwenye orodha ya wajane. Mchungaji hakupenda. Alisema hajawahi kusikia kanisa likiweka askari kwenye maji. Lakini hakuwa na shauri jingine, wala mimi. Nilichora mahali pa nguzo. Mwenye duka alilikopesha kanisa seng'enge, askari akapatikana, na Ijumaa tukaondoka.

Tulipofika lagani nilisikia kisima kabla ya kukiona: ngamia wananguruma, watu wanafokeana. Ukingo niliokuwa nimeupima kwa kamba ulikuwa umekanyagwa hadi ukawa mteremko. Mbuzi wa mjane walisimama mbali kwenye kivuli cha miba, vichwa chini. Niliwahesabu mara mbili. Walikuwa sita. Beberu mweupe hakuwamo. Mjane alituona, akaja akasimama karibu nasi.

Mzee wa ngamia alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kidogo cha mti, kile ambacho wanaume wa Turkana hukalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha kutokana na kuuza mifugo.

"Ejok," alitusalimu kwa uchangamfu, kana kwamba alikuwa anatusubiri.

"Ejok," alijibu mchungaji. "Mzee wangu, kwa nini unamzuia mama huyu maji?"

"Mimi? Mimi nimezuia nani? Muulize kama nimemgusa."

"Ngamia wako wanakunywa kutwa nzima. Yeye ananywesha saa ngapi?"

"Sasa mimi nakuuliza wewe, mtu ya Mungu. Hii kisima ni ya nani?"

"Ni ya wote."

"Wote ni nani? Jina yake nani? Anakaa boma gani?" Wanawe walianza kucheka. "Mimi tangu nizaliwe sijakunywa kisima ya mtu bila kuomba. Nilipofika hapa nikauliza, mwenyewe ni nani, nimwombe? Wakaniambia, hakuna. Kisima bila mwenyewe ni kama mvua. Wewe, mvua ikinyesha, unaomba ruhusa kwa nani?"

"Maji ni ya Mungu, mzee."

"Sawa. Basi Mungu akuje apange laini."

Askari wetu wa kukodi alicheka kabla hajajizuia. Mchungaji naye, namkumbuka vizuri, alitaka kucheka akashindwa. Alimgeukia mwinjilisti. "Basi mwambie mama kwamba kuanzia leo kisima hiki ni chake. Nampa mbele ya watu wote hawa."

Hapo mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe unampa? Basi ni yako! Leo umempa huyu, kesho utampa mwingine. Yeye alichimba? Alilisha wachimbaji?"

Nilikuwa nimesimama na nguzo ya kwanza begani. Niliishusha. Kwa mara ya kwanza nilielewa yule beberu mweupe alikuwa ameletwa pale kufanya kazi gani. Kule mtu akikuchimbia ukamlisha, mikono yake inakuwa mikono yako, na kisima ni chako mbele ya kila mtu. Asipokula, amechimba chake. Sisi, kwa huruma yetu, tulikuwa tumekataa kula, kisha tukatangaza kwamba kisima hata chetu si chetu.

Mchungaji aliketi chini mchangani. "Ulisema, ndugu yangu," alimwambia mwinjilisti.

"Nilisema."

"Muulize kama bado yuko tayari kutulisha."

Swali lilitafsiriwa. Mjane alitembea mpaka kwa mbuzi wake na kusimama katikati yao. Beberu alikuwa amekufa kwa kiu. Waliobaki wote walikuwa majike: wawili wenye mimba, watatu wa kukamuliwa, na mmoja mzee aliyekuwa amekonda mpaka mifupa ya nyonga inaonekana, lakini bado anatoa maziwa ya watoto wale wawili, kidogo kila asubuhi. Nilijifanya natazama nguzo zangu. Ilikuwa shida kuvumilia. Mtu ana sita, na sisi tulioshiba tunamngoja achague.

Alirudi na yule mbuzi mzee. Akampa binti mkubwa kamba. Kisha akashuka lagani, akapita kisima chetu bila kukitazama, akaenda kwenye kona ya mto ambako ukingo una mizizi, akakita fimbo yake.

"Hapa," mwinjilisti alisema. Halikuhitaji tafsiri.

Mjane alipiga magoti na kuanza kuchimba yeye mwenyewe kwa kibuyu kilichokatwa. Hatukuthubutu kumsaidia mpaka alipotuita, na alituita kwa kuelekeza kidole: wewe, na wewe, na wewe simama pale. Mwalimu mkuu alipangiwa kidato cha tatu. Karani wa seng'enge alipewa kusogeza mchanga mbali na ukingo. Mimi nilikuwa na maoni kuhusu mwinamo wa kuta. Nikaanza kuyatoa, naye akanionyesha karai. Nikaishika.

Baadaye kidogo nilihisi mtu amesimama nyuma yangu. Walikuwa wana wa mzee wa ngamia, watatu, wamevua shuka. Niliwatazama. Baba yao alipaza sauti kutoka kwenye kigoda: "Wachimbe! Kesho nitamwomba huyu mama maji. Mimi sitaki anisahau!"

Nimefanya kazi na vikundi vingi vya ujenzi, vya serikali na vya watu binafsi. Sijaona kingine kama kile. Mtu niliyekuwa nimemletea seng'enge alikuwa amenitolea wanawe, na mchungaji alikuwa amesimama kwenye kidato kilicho chini ya kijana wa ngamia, akiinua karai juu ya kichwa chake, mchanga ukimwagika ndani ya kola yake. Mama yule alikuwa chini kabisa, hatumwoni, tunasikia sauti yake tu ikiimba, na kila karai ilipanda kwa mapigo ya wimbo wake. Niliogopa kidogo, namna mtu anavyoogopa kanisani pakiwa patupu.

Maji yalitoka alasiri. Mbuzi alichinjwa, akachomwa, na mjane aligawa kwa mkono wake mwenyewe, bila kumruka mtu, hadi askari, hadi wana wa mzee. Hapakuwa na nyama nyingi. Mke wa mwenye duka alishika kipande chake na machozi yakaanza kumtoka.

Mjane alisema neno kali.

"Anasema kula," mwinjilisti alitafsiri. "Anasema ukilia juu ya nyama yake, wewe ndiye unamtia umaskini."

Alikula. Tulikula wote. Mchungaji alilamba vidole, nami nilijua anafanya ibada.

Asubuhi tulipoamka mjane alikuwa ameketi mdomoni mwa kisima, fimbo magotini. Mbuzi wake watano walikuwa wanakunywa kwenye hori la mti. Mzee wa ngamia alikuja peke yake, akawaacha wanyama nyuma, akasimama mbali, akasema, "Ejok." Hakujibiwa upesi. Aliendelea kusimama. Mbuzi waliposhiba mjane akamuuliza idadi ya ngamia, akamwonyesha mahali pa kungojea. Nyuma ya mzee walikuwa wamekuja wanawake wengine wasio na visima, wenye mbuzi wawili, watatu, mmoja ana punda tu. Aliwaita kwanza. Mwenye ngamia alisubiri mpaka jua likapanda, akiwa amekalia kigoda chake, akipiga porojo na mwenye punda. Hakuna aliyemshika wala kumtisha. Nimewahi kuona wakubwa wa wilaya wakipigiwa saluti uwanjani Lodwar, na ile ilikuwa kelele tu. Mchungaji alitazama mpaka mwisho. Alipogeuka aliniambia, "Twende, bwana. Tusije tukatangaza kitu."

Mbuzi wote watano walifika hadi mvua, na wale wawili walizaa. Mwinjilisti alituletea habari hiyo mwenyewe, na hakuongeza neno.

Seng'enge haikushushwa kwenye lori, na mwenye duka aliipokea kama alivyoitoa. Askari alilipwa siku mbili, ambazo alizitumia kuchimba. Mwekahazina alisoma hesabu mbele ya kamati: fedha zilizokusudiwa kulinda kisima, ambazo hazikutumika, ni shilingi mia saba na arobaini.