Mizunguko Ambayo Sikuihesabu

Mimi kutulia sijui. Hata darasani, ninapofundisha mashine za umeme hapa Bukavu, wanafunzi hulalamika kwamba nafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili. Papa yangu hakuwa hivyo. Katika kibanda chake mtaani Nyawera alisuka upya nyaya za mota na altaneta zilizoungua, na kila koili, lile fungu la waya uliozungushwa, aliihesabu kwa mdomo, mzunguko kwa mzunguko. Akikatizwa, alifungua waya wote akaanza na moja.

Siku moja nilikuwa namsaidia, na altaneta ilikuwa ya jenereta ya kituo cha afya, njia ya Kamituga, ambako masista walizalisha akina mama kwa tochi ya simu. Dereva wao alingoja nje. Mvua ilikuwa inakuja, na barabara ile ikinyeshewa haipitiki. Nilikuwa roho juu. Nashika koleo, naweka, nachungulia mlangoni, narudi.

Ilibaki koili moja. Papa yuko katikati ya hesabu, akaingia maman mmoja mzee, jirani yetu, akamsalimia. Kwetu mkubwa akikusalimia unaitika, kazi ingoje. Papa akaitika, akauliza watoto, akauliza shamba. Alipogeukia waya, hesabu ilikuwa imemtoka.

Akaanza kufungua. Nikamshika mkono.

"Papa, acha. Ulikuwa umefika mzunguko wa quarante-deux. Nilikuwa nakufuatisha."

"Kweli?"

"Kweli, papa."

Uongo mtupu. Nilikuwa natazama mawingu. Lakini kwake mimi niliyesomea umeme nilikuwa ingénieur wa nyumba, basi akaendelea kuanzia hapo.

Siku ya tatu sista mmoja aliirudisha altaneta imeungua. Kituo kilikuwa gizani tena. Papa akaifungua mbele yetu, akakata ile koili iliyokuwa nyeusi kuliko zote, akahesabu ncha za waya moja moja. Zilipungua sita, na koili pungufu huungua. Akahesabu mara ya pili. Nilingoja anitazame. Hakunitazama.

"Ni mimi, ma soeur," akasema. "Macho yangu iko na uzee. Mutafute fundi mwingine."

Sista akamfariji, akasema uzee unatungojea sisi wote. Mimi nikainama kuokota vipande vya waya.

Mwezi ule papa alifunga kibanda. Watu wa Nyawera husema macho ndiyo yalimtoa kazini, na wakisema hivyo mbele yangu naitikia. Kila Jumapili tunakula pamoja, yeye na mimi, na bado sijamwambia.