Siku Kiingereza Changu Kilimuua Mume Wangu

Jumamosi hiyo nilifanywa mjane nikiwa nafua nepi.

Sitanii. Nilisikia geti la ploti yetu ya kupanga likifunguka, kuinua kichwa hivi, naona wanawake wa kanisa wanaingia wakiimba polepole, zile nyimbo za kusindikiza jeneza. Mmoja amebeba sufuria ya kupikia watu wa harusi nzima. Nyuma yao vijana wanashusha hema na viti vya plastiki.

Nikajiuliza, nani amekufa kwa hii ploti na mimi sijaambiwa?

Aliyewaongoza alikuwa Shangazi Gatwiri, dada ya baba mkwe wangu. Anaishi hapa hapa Embu na alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu. Akanikumbatia mikono yangu ikiwa na povu mpaka kwenye viwiko.

"Pole, mama. Pole sana."

Karambu wangu alikuwa anaota meno na usiku hatukuwa tumelala. Nikadhani ndiyo hiyo pole.

"Asante, shangazi. Ni mambo ya kawaida."

Akaniachilia. "Ya kawaida?"

"Si kila mtu hupitia? Nimempaka dawa, sasa amelala."

"Amempaka dawa!" Akawageukia wenzake. "Mshikeni huyu msichana. Akili imeruka."

Mmoja akaanza kunipepea na leso. Mwingine akaninyang'anya zile nepi, akaendelea kufua huku analia. Kusema ukweli, hiyo sehemu ya kufuliwa sikukataa.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo, mjue nilifikaje hapo.

Mimi ni Beverlyne, mtu wa Gachoka. Shule niliachia kidato cha pili. Sasa nimerudi, nasoma masomo ya jioni hapa mjini, mtoto mgongoni, na cheti nitapata, mtaona. Mume wangu Salesio ni fundi wa pampu za maji, kwao ni Meru. Baba yake, Mwalimu Kaimenyi, alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na mpaka leo hajaacha kufundisha.

Hakunitaka. Alimwambia Salesio, "Huyo atamfundisha mjukuu wangu Kiingereza gani?" Hata Karambu, tuliyempa jina la marehemu mke wake, hakuwa amekuja kumwona.

Kwa WhatsApp ya familia yao, sheria ni moja: Kiingereza sanifu. Binamu ya Salesio, Mutwiri, aliwahi kuandika "Am fine." Mwalimu akamjibu, "Am who?" Halafu akamtoa kwa kikundi. Kwa Mwalimu, dunia iliharibika siku watu walianza kuacha "I" nyumbani.

Sasa wiki hiyo akaniingiza. Mimi!

"Bevu, huo ni mtihani," Salesio akaniambia. "Mzee anataka kuona ukiandika."

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Jumamosi wazee wangekutana kwa Mwalimu huko Meru, Salesio awaombe rasmi waende kwetu Gachoka kuniposa. Mwalimu akikubali, mimi ni bibi ya mtu. Akikataa, nabaki kuwa "yule msichana wa Embu."

Asubuhi Salesio akapitia kwanza Kiambere kurekebisha pampu ya mkulima fulani. Ikafika mchana, akanipigia, upepo unavuma hata simsikii vizuri.

"Bevu! Hii maji imenisumbua sana. Na chaji inaisha. Andikia mzee nimechelewa, wale tu bila mimi! Napitia nyumbani kwanza nioge!"

"Niandike na Kiingereza?"

Simu ikakatika.

Nikakaa chini, simu mkononi. Sisi wote huku, kuanzia Embu hadi Meru, mtu akichelewa tunasema "has delayed". Na ndivyo nilivyoandika. Halafu nikamkumbuka Mwalimu Kivuti wa masomo ya jioni. Juzi tu alikuwa ametugombeza kwa hayo maneno. Hicho si Kiingereza, akasema, mtu aliyechelewa "is late", mwisho wa habari. Nikafungua kitabu. Kitabu kikamuunga mkono.

Nikafuta. Nikaandika upya, kila neno nalipima kama chumvi ya uji:

"Good afternoon, Dad. Salesio is late. It was the water at Kiambere. Please eat without him."

Mpaka nukta niliweka. Nikatuma, nikaondoa sauti ya simu ili mtoto asiamke, nikaenda kufua roho ikiwa safi.

Sasa wewe Mkenya mwenzangu najua umeshashika kichwa. Kwetu mtu akikuambia "my father is late", humuulizi atafika saa ngapi. Unamuuliza mnazika lini.

Na Kiambere kuna bwawa.

Basi pale kwa ploti, kila nikiuliza nani amekufa naambiwa pole tu, mpaka hema limesimama, vitunguu vinakatwa, gari likaingia. Akashuka Mzee Riungu, ndugu ya Mwalimu. Halafu akashuka Mwalimu mwenyewe. Koti amelivaa nje ndani. Mguu mmoja kiatu, mwingine sandali.

Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwa Karambu, ambaye makelele yalikuwa yameshamwamsha, akamtoa kwa mikono ya shangazi.

"Karambu," akamwita. Mara ya kwanza kabisa. Halafu akanigeukia, akasema kwa Kimeru, "Mwari wakwa." Binti yangu.

Mimi nikamsogezea kiti.

"Wewe na huyu mtoto ni wangu," akasema. "Kijana wangu amekuja kukuombea mara ngapi, na mimi nikafunga masikio. Sasa nitamwambia nani kwamba nimekubali?"

"Si umwambie mwenyewe, baba," nikasema. "Kabla giza liingie atakuwa amefika."

Mama aliyekuwa akikata vitunguu akaacha kisu hewani.

"Mwili unaletwa leo?" Mzee Riungu akauliza kwa upole.

"Mwili gani? Anakuja na pikipiki."

Shangazi Gatwiri akatikisa kichwa. "Niliwaambia. Akili imeruka."

Ni hapo geti lilifunguka tena, akaingia Salesio, matope mpaka kwa nyusi, pampu begani. Akaangalia hema. Akaangalia sufuria. Akavua kofia kwa heshima.

"Woi, poleni. Ni nani ametuacha?"

Wueh! Shangazi aliruka sufuria ya maji moto kama msichana wa darasa la sita. Kwaya ikatawanyika. Mzee Riungu akajificha nyuma ya mama wa vitunguu. Mwalimu peke yake ndiye hakukimbia. Alinipa Karambu, akamwendea kijana wake, akamshika masikio yote mawili, akayavuta kuona kama yameshikana na kichwa.

Yalikuwa yameshikana.

Akakaa kwa kiti. Akatoa simu, akausoma ule ujumbe wangu pole pole. Hapo mimi nikajua nimeisha. Ile "binti yangu" sasa nitanyang'anywa mbele ya kanisa zima.

"Nani alikufundisha kuandika 'is late'?"

"Kitabu, Mwalimu."

"Kitabu kiko sawa." Akapangusa miwani. "Mimi mwenyewe nilichapa watoto wa watu kwa hiyo sentensi."

"Sasa wewe mwenye kuifundisha," Mzee Riungu akatokea huko nyuma, "mbona uliisoma ukaanguka kwa migomba?"

Mwalimu akairudisha miwani usoni.

"Kitabu hakikuzaa Salesio," akasema.

Akasimama kuwaeleza watu. Mazoea ni mabaya, akaanza na Kiingereza: "My son is late—"

Kwaya ikaangua kilio upya.

"Delayed!" Mwalimu akapiga kelele, mikono juu. "Has delayed! Has delayed! Jamani, kijana amechelewa tu!"

Nilicheka mpaka maziwa yakaloanisha blauzi.

Watu walipotulia, Mwalimu akaangalia zile sufuria. Wazee wako, mchele uko, kwaya iko. "Mkutano wetu tumeufanyia hapa," akasema. "Jumamosi ijayo ni Gachoka." Salesio akanitafuta na macho. Mimi nilikuwa nimejifanya namfunga mtoto leso.

"Beverlyne, andika kwa kikundi," Mwalimu akaniita. "Kuna watu wako njiani na basi la kukodi. Na mtu ampigie fundi wa jeneza asimame."

"Niandike na Kiingereza, Mwalimu?"

"Niite baba. Andika vile utaeleweka."

Nikaandika: "Salesio ako hai. Njoni mkule."

Akachukua simu, akasoma. Mimi nami nimesoma Kiswahili, najua ni "yuko", ni "njooni", ni "mle". Na yeye anajua kunishinda. Kidole chake kikaelea juu ya yale maneno, kikarudi, kikaelea tena.

Halafu akabonyeza kutuma.

Watu wananiuliza kama Kiingereza cha siku hizi kimeharibika. Mimi bado nakisoma, na kwa mtihani nitaandika "is late" nichukue alama zangu nitulie. Lakini kwa hii familia, Salesio akichelewa, has delayed. Kabla hujatuma neno, kumbuka anayelisoma ni mtu, na mtu ana mtoto wake huko nje.

Na ukishatuma, haki, acha simu iwe na sauti.