Mashine Haikuja Matangani

Kama kuna mtu Sekei nzima aliyekuwa mkali kwa kazi, ni Eunike Kaaya. Alikuwa akiandika programu za kompyuta, mdogo wake Nathanaeli akimsaidia, na kila alichoandika Nathanaeli, dada alikikagua mstari kwa mstari. Ukweli usemwe, Nathanaeli alikuwa mlevi. Hata alipoacha pombe baada ya Pasaka, dada hakumwamini.

Siku moja Nathanaeli alipiga simu kutoka nyumbani kwao Maji ya Chai.

"Dada, ile programu ya mizani ya wakulima wa kahawa nimemaliza."

"Umemaliza kazi au chupa?" Eunike akajibu, akakata simu.

Kesho yake Nathanaeli aligongwa na lori akivuka barabara. Daktari alisema hakuwa na hata tone la pombe mwilini.

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa Kaanaeli aligawa vitu vya marehemu: koti, viatu, redio. Kompyuta akamkabidhi Eunike mbele ya ukoo mzima. Ilikaa kabatini miezi mitatu. Aliogopa kukuta kazi haipo; aliogopa zaidi kuikuta ipo.

Msimu wa kahawa ulipokaribia, wakulima wakaulizia mizani yao, ikabidi aitoe kompyuta kabatini. Kwa mazoea yake, alianza kwa kuweka toleo jipya la programu inayotunza historia ya kila badiliko la kazi. Toleo hilo lilikuja kuziba tundu la usalama: wahalifu waliweza kutega amri ndani ya folda, ukiifungua tu umekwisha. Alikuwa ameingia kwa jina lake mwenyewe, alilowekewa humo kwa ajili ya kukagua, maana nywila ya marehemu hakuna aliyeijua. Akajaribu kufungua folda ya mdogo wake.

Programu ikakataa. Folda hii si yako, ikamwambia, ni ya Nathanaeli. Kama unaiamini, andika hivyo.

Ukoo ulishagawa, lakini mashine haikuja matangani. Eunike aliutazama ule ujumbe mpaka chai yake ikapoa. Nathanaeli alipokuwa hai, neno hilo hakuwahi kumpa. Akaandika kwamba anaiamini, na folda ikafunguka.

Kazi ilikuwapo, imekamilika, ya siku ileile, dakika kumi kabla ya simu. Kwenye badiliko la mwisho Nathanaeli alikuwa ameandika: "Mizani tayari. Dada akague."

Akaikagua mstari kwa mstari, huku analia. Hakukuta kosa hata moja.