Kibuyu cha Bibi na Bembea ya Ipagala

Rafiki yangu, kumbe kununua bembea ya barazani ni kazi kuliko kujenga nyumba yenyewe! Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulisimama kwa fundi wa kuchomelea hapa Ipagala mpaka kivuli changu kikachoka, kikatafuta pa kukaa. Bembea zilikuwa mbili. Moja ya chuma, ina maua ya kukunjwa, ina mto mwekundu, ina mpaka pa kuwekea kikombe. Ya pili ya mbao, imening'inizwa kwa minyororo, haina madaha yoyote.

"Kaa mama, ujionee," fundi aliniambia akiisukuma ile ya chuma. "Hii nimeitia beringi. Hailii hata mkipanda ukoo mzima."

Kweli haikulia. Nikahamia ya mbao. Ikasema nyee, nyee. Nikaushika mnyororo, nikawa niko Mvumi, kijiji nilikokulia.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na nyumba ya tembe, paa la udongo, na mbele kibaraza chenye boriti nyeusi kwa moshi. Kwenye boriti ile alifunga kitanzi cha ukanda wa ngozi ya ng'ombe, na ndani ya kitanzi kililala kibuyu cha kusukia maziwa, kizibo chake gunzi la mahindi. Alikuja nacho alipoolewa. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kukisukuma, kwenda na kurudi, mpaka siagi ije. Nakuambia, misukumo ile ingekuwa hatua, ningefika stesheni ya Gulwe, nikaifuata reli mpaka inapoishia, na nikarudi kuwahi chakula.

Ukanda ulilia nyee, maziwa yakajibu chubwi. Bibi alikuwa jikoni akisonga ugali wa uwele, lakini masikio alikuwa ameyaacha barazani. Nikisimama kujikuna tu, sauti ilitoka: "Maziwa yakilala, siagi inarudi kwa ng'ombe!" Na siagi ikija, yeye ndiye alijua kwanza, maana ile chubwi iligeuka nzito. Alikuja akifuta mikono, akanilambisha kidogo kwenye ncha ya kidole. Sijawahi kuonja kitu kama kile, na harusi nimekula nyingi.

Sasa siku moja uvivu ulinipa akili. Nilijiuliza, kwa nini kibuyu kining'inie peke yake? Nikakitoa, nikakaa mimi ndani ya kitanzi, nikakipakata. Nyee, chubwi. Nyee, chubwi. Kazi inakwenda na mimi nakwenda!

"Leo una nguvu, mjukuu wangu!" bibi alinisifu kutoka jikoni.

"Ndiyo bibi!" nilijibu, nikiwa hewani.

Sifa ikanivimbisha kichwa. Nikapiga miguu chini nipae zaidi, na ukanda ukakatika. Kibuyu kilipasuka kabla sijafika chini vizuri. Maziwa yakatambaa barazani, na kuku wa Mvumi yote wakaja kama walioalikwa.

Bibi alitoka na mwiko mkononi. Nilifumba macho nikiusubiri. Nilipofumbua, alikuwa amechuchumaa, anaokota vipande kimoja kimoja na kuvipangusa kwa kanga yake.

"Ulitaka kubembea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungesema tu."

Basi. Heri angenipiga.

Jioni alikishona kile kibuyu kwa uzi wa ngozi, taratibu, kama anayeshona nguo ya sikukuu. Hakikushika maziwa tena. Akatia mbegu za uwele. Toka siku hiyo maziwa yake aliyaacha yagande tu, na siagi hatukuila tena. Ukanda nao aliupiga fundo, akaurudisha kwenye boriti, akatandika gunia. "Haya, panda," aliniambia. "Ila nikiwa jikoni nikusikie."

"Hiyo inapiga kelele," mume wangu alinigutusha pale kwa fundi.

"Ndiyo ninayoitaka."

"Fundi, mke wangu kasoma shule ya usiku," alisema akicheka. "Akili zake zinawaka wenzake wakilala."

"Basi niitie grisi, mama?"

"Ukiitia grisi siichukui."

Sasa inaning'inia barazani kwetu. Tembe ya bibi iliporomoka kwa mvua; nilipopita mwaka jana palikuwa shamba la alizeti. Kibuyu sijui kilichukuliwa na nani baada ya mazishi. Maziwa nanunua ya pakiti, ya ng'ombe nisiyemjua. Binti yangu akitoka shule hupanda bembea na daftari lake, mimi niko jikoni nasonga. Nyee, nyee. Ikinyamaza, mwiko unasimama mkononi mwangu.

"Upo?"

"Nipo, mama!"

Inaanza tena. Nami naendelea kusonga, sikio liko nje, nikingojea ile chubwi.