Matembezi ya Kaka Yangu Ufukweni

Kaka yangu aliporudi nyumbani Munyaka kutoka Amerika, Mama alingoja neno moja tu kutoka kwake: "Nipelekeni kwa Baba." Baba alikuwa amelala shambani kwetu, kijiji cha Ziwa, tangu Pasaka ya mwaka uliotangulia, na kwetu aliyekosa mazishi huanzia kaburini, chai ni baadaye. Bwana huyu alianza na chai. Akaongeza mandazi.

Jumapili majirani wakajaa sebuleni, hata mwenyekiti wa chama wa mtaa, maana miaka ile aliyetoka Amerika aliheshimiwa kuliko chifu. Mama alikuwa ameweka albamu ya mazishi mezani. Kaka akaisukuma kando bila kuifungua, akatandaza picha zake. Ati pwani ya Pasifiki! Ukungu, mawe, magogo yaliyotupwa na bahari, na yeye katikati, mzigo mgongoni kama punda wa maji, buti kubwa miguuni, anacheka.

"Tulitembea siku tatu," akasema kwa ile sauti ya puani aliyorudi nayo. "Hakuna barabara, hakuna hoteli. Unalala kwa hema, unanyeshewa."

"Mlikuwa mnaenda wapi?" Mama akauliza.

"Hatukuwa tunaenda mahali, Mama. Ni kutembea tu."

Wacha nimdharau! Na sijaacha mpaka leo. Ng'ombe wetu wa maziwa aliuzwa ili apate nauli, sisi tukabaki kunywa chai ya rangi, kumbe mwenzetu amevuka bahari akanyeshewe kwa raha zake. Tulimsifu mno pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Na hiyo ilikuwa lini?" Mama akauliza.

"Likizo ya Pasaka, mwaka jana."

Watu wakaacha kutafuna. Pasaka hiyo alipiga simu dukani kwa jirani, akasema mitihani imembana, tumzike tu Baba bila yeye. Wala hakukumbuka uongo wake! Alikuwa bado anatuonyesha picha ya kaa wa baharini.

Mama hakumgombeza. Alichukua albamu yake, akaipangusa kwa leso.

"Basi kesho uvae hizo buti zako," akamwambia. "Tukishuka gari pale Ziwa, mpaka kwa babako ni kutembea kidogo tu. Nitakushika mkono."

Asubuhi Mama aliketi mlangoni, amefunga kitambaa kichwani, albamu mapajani. Jua likapanda. Mwishowe Kaka akaita kutoka kitandani, akasema miguu inamuuma.