Alwyn na Onyo la Redioni

Alwyn Padgett hakuwa mtu mbaya. Ila ukimwamkia asubuhi lazima akutazame kwanza, ajue unataka nini. Nimewapikia wanyoaji wa kondoo miaka kumi na tisa, nimezunguka mashamba yote ya nyanda za kati hapa Tasmania, na sijapata kumwona mwenye shamba mwingine anayefunua sahani ya keki baada ya chai kuangalia ni nani kala vipande viwili. Mke wake alipokuwa hai alikuwa akimcheka usoni, naye akapoa. Alipokufa, hakubaki wa kumcheka.

Watu wa hali ya hewa ndio aliowashuku kuliko wote. "Wanatoa onyo ili wasilaumiwe," alikuwa akisema. "Lisipotokea, nani atakwenda kuwauliza?" Mwaka uliotangulia walitoa onyo mara tatu, akakusanya kondoo mara tatu, na mara zote tatu jua likawaka kama kawaida. Hapo, kusema kweli, simlaumu.

Desemba ile tulikuwa kwake siku ya tatu. Wanyoaji walikuwa wanne, na kiongozi wao akiitwa Clem Rudd, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno. Siku mbili za kwanza walinyoa majike machanga mia tatu. Hao ndio walikuwa shamba lenyewe. Mama zao aliwauza wakati wa ukame, kwa hiyo wakifa hawa, Alwyn hana kondoo wa kuzaa tena, na ardhi ya babu yake inakwenda kwa mtu mwingine. Kila mtu pale alilijua hilo.

Asubuhi ya Jumatano kulikuwa na manyunyu, na kondoo waliobaki, madume mia nne yaliyohasiwa, walilala nje. Kwetu kondoo aliyelowa hanyolewi, maana mnyoaji akimkumbatia siku nzima viungo vinamwuma mpaka uzeeni. Basi kila mnyoaji hunyoa wawili, kisha wote hupiga kura ya siri, vikaratasi ndani ya kopo. Mwenye shamba haruhusiwi hata kuchungulia. Vitatu vilisema wamelowa, kimoja kikasema wakavu.

Alwyn akatumbukiza mkono kwenye manyoya ya mmoja, akautoa, akautazama.

"Wamelowa wapi hawa? Semeni tu mnataka kwenda kuvua samaki."

"Kura ni kura, mzee," Clem akasema.

"Nani na nani walisema wamelowa?"

"Ni siri. Ndiyo kazi ya kopo."

Wakaenda zao kwenye nyumba ya wanyoaji, na Alwyn akabaki anawatazama migongo.

Saa saba mchana joto lilikuwa nyuzi thelathini na moja, upepo wa kaskazini unapuliza vumbi jikoni kwangu. Redio ikasoma utabiri wa mkoa: jioni wimbi la hewa baridi litapita kutoka kusini magharibi, upepo mkali, mvua, theluji kwenye milima, joto litashuka ghafla. Mwisho wakasoma onyo kwa wafugaji, kwamba kondoo walionyolewa karibuni wanaweza kufa wasipopata kinga. Nikatoka na aproni yangu mpaka bandani.

Nikamkuta anaingiza yale madume, yenye manyoya yao kamili. Banda, ambalo ndilo kinga pekee ya kondoo shambani, lilijaa mpaka nafasi ya chini ya sakafu yake.

"Alwyn, umesikia redio? Hao uliowaacha malishoni wako uchi."

"Nimesikia. Unaona jua hili?"

"Naliona. Watoe hawa, waingie wale."

Akanitazama yale macho yake. "Clem kakutuma, siyo? Mnataka hawa walale nje walowe, kesho kopo liseme tena wamelowa. Hawa watalala ndani mpaka niwaone wakavu kama mkate wa juzi. Tutaona watapigia nini kura."

Nilimwambia ana kichwa kigumu, akasema watu wengine arobaini walishanitangulia kusema hivyo. Nikarudi kwenye sufuria zangu nimekasirika, na hasira ile naijutia, kwa sababu bila hiyo ningekaa pale nikabishana naye.

Saa kumi upepo ukakata. Kuku wakanyamaza. Kisha ukageuka, ukaja kutoka kusini, na nikavaa koti ndani ya jiko lenye moto. Clem na wenzake hawakuwa wamekwenda kuvua. Walikuja na magari mawili na mbwa, moja kwa moja mpaka kwenye geti la banda. Alwyn alikuwa amelitia mnyororo na kufuli, na yeye mwenyewe amesimama mbele yake.

"Fungua, mzee. Tuwatoe hawa, tukawalete wale wachanga."

"Tangu lini mnafanya kazi bila kuitwa?"

"Mvua iko pale kilimani, itazame."

"Naiona. Na ninawaona nyinyi mnataka madume yangu yakasimame ndani yake."

Clem alimsihi. Royce, mnyoaji mdogo kuliko wote, akamtukana, na hilo likaharibu zaidi. Nikaenda mimi, nikamtaja mke wake, nikamwambia mkewe angemwona sasa angelia. Akageuza uso, lakini funguo alizibana mfukoni. Tulisimama pale nusu saa nzima, watu wazima sita, mvua ikitupiga. Ilipogeuka barafu ikaanza kumchapa mikononi, ndipo akazitoa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, Clem akamfungulia.

Kondoo aliyenyolewa hukimbia na upepo mgongoni mpaka uzio umzuie. Tuliwakuta wote pembeni ya malisho, wamerundikana, wa chini wamekanyagwa, wa juu wamekakamaa. Tulibeba waliokuwa wakipumua, wawili wawili, tukawasugua kwa magunia. Wakati mwanga wa jioni unakwisha walikuwa hai sabini na wanne.

Alwyn alikaa kwenye matope, kichwa cha mmoja aliyekufa kiko juu ya paja lake, anamfuta pua kwa mkono wa shati.

"Mngekuja mapema," akasema.

Clem akachuchumaa karibu yake.

"Tulikuja mapema, Alwyn. Tulikuwa pale getini, pamoja na wewe."